Mgeni wa Tra Que hupewa jembe siku ya kwanza

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika kijiji cha Tra Que, katikati ya Vietnam, mgeni hupewa jembe siku ya kwanza, na kabla hajalishika amekwisha kulilipia.

Mambo huenda hivi. Asubuhi wageni hutoka mji wa kale wa Hoi An kwa baiskeli, mwendo wa kilomita kama tatu, wakipita kando ya majaruba ya mpunga. Wakifika kijijini huvishwa kofia ya majani yenye umbo la pia, sawa na ile anayovaa mwenyeji wao. Kisha mkulima, mara nyingi mtu wa makamo aliyeanza kazi hiyo utotoni, huwapeleka shambani na kuwaonyesha tuta.

Wageni huanza kulima. Huchimba mfereji mdogo, huweka ndani yake majani ya majini yaliyovuliwa kwenye mto na ziwa dogo la jirani, hufukia, husawazisha kwa reki, kisha hupanda miche. Hiyo ndiyo mbolea ya Tra Que, na wakulima wa hapo wameitumia kwa vizazi.

Baada ya hapo huja kazi inayotoa jasho, nayo ni kumwagilia kwa mzegazega, yaani mti wa begani wenye ndoo ya kunyunyizia huku na huku. Mkulima hupita nao katikati ya matuta kama aliyebeba vikapu vitupu, ndoo zote mbili zikimwaga sawasawa. Mgeni huelemewa upande mmoja, maji humwagika miguuni mwake, na wote hucheka.

Mchana kundi huingia jikoni. Wageni huosha majani waliyoyachuma wenyewe, nanaa, mrehani na giligilani, na kufundishwa kukaanga banh xeo, chapati nyembamba ya unga wa mchele na bizari ya manjano, yenye kamba ndani. Wengine huloweshwa miguu katika maji ya moto yenye majani ya dawa. Kisha hurudi mjini wamechoka na wamefurahi, wakiwa wamelipia siku nzima ya kibarua.

Kwa mfanyabiashara aliyeamka saa kumi alfajiri kupakia vitunguu Namanga, au kwa mama anayevusha ndizi na maharage Mutukula, habari hii inaweza kuonekana mzaha. Kazi anayoikimbia mtoto wa mkulima, mtu wa Ulaya anavuka bahari kuja kuilipia. Lakini hii ni biashara kamili, yenye hesabu zake, na inastahili kuchunguzwa na kila anayeishi kwa kununua na kuuza mazao.

Tra Que si kijiji kikubwa. Eneo la mboga ni hekta kama 18, na kaya zinazolitegemea ni karibu 200. Mwaka 2022 Serikali ya Vietnam ilitambua kilimo chake cha mboga kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa taifa. Mwaka 2024 Shirika la Umoja wa Mataifa la Utalii likakiweka kijiji hicho katika orodha ya vijiji bora vya utalii duniani. Vijiji viwili vya Vietnam vilikuwa vimetangulia kupata heshima hiyo, Thai Hai mwaka 2022 na Tan Hoa mwaka 2023. Katika nchi iliyopokea wageni zaidi ya milioni 17 kutoka nje mwaka 2024, vijiji vya namna hii vimepata njia ya kuingiza mkono katika fedha ambazo zamani ziliishia hotelini na uwanja wa ndege.

Biashara asubuhi, jioni mahesabu. Hesabu ya tuta moja la Tra Que inakwenda hivi. Kwanza, mboga zake huuzwa sokoni na kwenye migahawa ya Hoi An, kama zilivyouzwa tangu zamani. Pili, kazi ya kuzilima huuzwa kama somo. Tatu, mboga hizo hizo huuzwa tena zikiwa chakula mezani, na mpishi ni mgeni mwenyewe. Nne, jina la kijiji hupanda thamani. Mjini Hoi An tambi mashuhuri za cao lau husifiwa zikiliwa na majani ya Tra Que, na muuzaji anayeweza kusema majani yake yanatoka huko ana la kumwambia mnunuzi. Ardhi ni ile ile na jembe ni lile lile, lakini tuta limeuza mara nne.

Wengi wanaokwenda kuiga huanza na hesabu ya pili na ya tatu, na hapo ndipo wanapokosea. Nguvu ya Tra Que iko katika hesabu ya kwanza. Mboga zinauzwa kweli. Mkulima humwagilia alfajiri kabla ya mgeni kuamka, na atamwagilia tena jioni mgeni akiwa amekwisha kuondoka, kwa sababu soko la kesho linamsubiri. Mgeni anachokilipia ni nafasi ya kuingia katika kazi inayoendelea hata asipokuwapo. Kazi hiyo ikigeuka maigizo, hana tena sababu ya kulipa.

Faida ya mpangilio huo ilionekana wakati wa ugonjwa wa korona. Vietnam ilifunga mipaka kwa watalii wa nje Machi 2020, na haikuifungua kikamilifu hadi Machi 2022. Kwa miaka miwili mwenye duka la zawadi mjini alikuwa na bidhaa zisizo na mnunuzi. Mwenye tuta alikuwa na mboga, na watu wa mjini waliendelea kula. Mfanyabiashara yeyote wa mpakani aliyeshuhudia malori yakipanga foleni mwaka huo kwa ajili ya vipimo vya madereva anaelewa maana ya kuwa na bidhaa ambayo jirani anaihitaji kila siku.

Lipo pingamizi linalopaswa kujibiwa. Baadhi ya watu husema ziara za vijijini ni kuuza umaskini, kuwapanga wanakijiji kama wanyama wa mbugani ili wenye fedha wapige picha. Pingamizi hilo lina uzito, na yapo maeneo mengi duniani linakothibitika. Lakini tazama nani ni nani pale Tra Que. Mkulima ndiye mwalimu. Anayekosea, anayelowa na anayechekwa ni mgeni. Mtu anayetazamwa tu hana la kufanya zaidi ya kusubiri bahashishi. Mtu anayefundisha ana ujuzi, na ujuzi una bei. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua iwapo kijiji kinabaki na heshima yake au kinaipoteza.

Mfano wa pili uko karibu hapo hapo. Kilomita chache kutoka Hoi An kuna Cam Thanh, eneo la mifereji ya maji na mitende ya nipa. Wavuvi wa pwani ya Vietnam hutumia mitumbwi ya duara iliyosukwa kwa mianzi, mfano wa kapu kubwa. Simulizi maarufu husema chombo hicho kilienea wakati Wafaransa walipotoza kodi za mashua, wavuvi wakasuka kitu walichoweza kudai kuwa ni kapu wala si mashua. Iwe kweli au ngano, ni simulizi ambayo mfanyabiashara yeyote wa njia ya panya ataielewa bila mkalimani.

Leo mitumbwi hiyo hubeba watalii. Mwanzoni mgeni alionyeshwa namna ya kupiga kafi, kutupa wavu na kunasa kaa. Kadiri makundi yalivyoongezeka, spika za muziki ziliingia, waendeshaji wakaanza kuizungusha mitumbwi kama pia ili watupiwe noti, na kelele zikawa malalamiko ya muda mrefu ya wenyeji na wageni wenyewe. Kipato kipo, hakuna anayekataa. Lakini ujuzi wa mvuvi umefunikwa na kelele, na kelele mtu yeyote anaweza kuuza kwa bei ya chini zaidi. Bidhaa ambayo kila mtu anaweza kuiiga kesho bei yake huporomoka kesho hiyo hiyo. Wauza nguo za mitumba wanalijua somo hili vizuri.

Tofauti ya Tra Que na Cam Thanh haitokani na bahati. Inatokana kwa sehemu kubwa na ardhi. Baada ya vita, wakulima wa Vietnam waliwekwa katika mashamba ya ushirika, mavuno yakawa haba na nchi ikaagiza chakula. Mageuzi ya Doi Moi yalianza mwaka 1986, na mwaka 1988 chama tawala kilipitisha azimio lililorudisha uamuzi wa kilimo mikononi mwa kaya. Mwaka 1989 Vietnam ilikuwa tayari inauza mchele nje kwa wingi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1993 ikaipa kaya haki ya muda mrefu ya kutumia ardhi, kuirithisha, kuikodisha na kuiwekea rehani, ingawa ardhi yenyewe ilibaki mali ya umma.

Msomaji wa Tanzania ataona kitu anachokifahamu. Huko nako vijiji vya ujamaa vilipita, ardhi ni ya umma, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji nafasi ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Mkulima mwenye hati anaweza kumfungulia mgeni mlango kwa masharti yake. Asiye na hati huamka siku moja akakuta ukuta wa hoteli umepita katikati ya tuta. Kwa hiyo, kabla ya kuzungumzia vipeperushi na tovuti za utalii wa vijijini, kijiji chochote kinapaswa kuuliza kwanza nani anamiliki tuta.

Swali la pili ni nani anashika fedha. Ziara ya kijijini inaweza kuuzwa na wakala wa mjini, ikaongozwa na dereva wa mjini, ikalipiwa kwa kadi kwenye akaunti ya mbali, na mwanakijiji akaachiwa ujira wa kibarua. Hali hiyo ipo Vietnam pia, na maeneo yenye mandhari nzuri kama milima ya Sapa yana wanakijiji wengi wanaotembea nyuma ya makundi ya watalii wakiuza bangili na mikoba, huku fedha kubwa ikipita juu ya vichwa vyao. Tra Que yenyewe haijasalimika na mawakala. Ila mkulima wake ana tuta na mboga zenye soko lake, baadhi yao wana jiko na meza zao, na kwa hiyo wakala anapokuja na bei ya dharau, anaweza kumwambia hapana na bado akala.

Uwezo huo wa kusema hapana ndio somo kubwa kwa wasomaji wa pande hizi. Vietnam na Afrika Mashariki tayari zinafanya biashara. Mchele wa Vietnam hufika bandari ya Mombasa. Korosho za Mtwara na Lindi husafirishwa kwa wingi zikiwa ghafi, na Vietnam ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Hubanguliwa huko, hufungwa huko, na Vietnam imekuwa muuzaji mkuu wa korosho zilizobanguliwa duniani, ilhali sehemu kubwa ya malighafi yake inatoka Afrika na Kambodia. Nchi hiyo imejifunza kuuza kazi pamoja na zao. Ziara ya Tra Que inafuata mawazo yale yale kwa kipimo cha tuta moja, kwamba kazi iliyofanywa juu ya zao ina thamani na isitolewe bure.

Kwenye mipaka ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kazi hiyo hutolewa bure kila siku. Magari ya watalii yanayotoka Nairobi kwenda Arusha husimama Namanga, abiria hushuka kwenye Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, hugongewa mihuri, hununua maji na kuondoka. Hatua chache kutoka hapo kuna watu wanaojua kutofautisha kitunguu cha kukaa na cha kuoza kwa kukigusa tu, wanaojua bei ya maharage ya nchi mbili kwa wakati mmoja, wanaobadili shilingi kwa shilingi kichwani bila kikokotoo. Mgeni hapati nafasi ya kuyaona hayo. Huko Hoi An mafunzo mengi ya mapishi huanzia sokoni, mgeni akifundishwa kuchagua samaki na majani, na muuza mboga ni sehemu ya somo.

Wazo lenyewe si geni hapa. Zanzibar ina ziara za mashamba ya viungo, Materuni karibu na Moshi wageni hutwanga kahawa na kuinywa, Mto wa Mbu wenyeji wamekuwa wakiwatembeza wageni katika migomba na mpunga kwa miaka mingi. Kinachokosekana ni kumwona mfanyabiashara wa soko na wa mpakani kuwa naye ana ujuzi wa kuuza, na kumpa utaratibu wa kuuza ujuzi huo.

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inataja huduma za utalii na usafiri miongoni mwa sekta ambazo nchi wanachama ziliahidi kufunguliana. Kwa bidhaa, ahadi imefika chini kidogo. Mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 ana utaratibu wake rahisi na cheti chake cha asili ya bidhaa. Kwa huduma, mama wa Busia anayetaka kulipeleka kundi dogo la wageni katika soko la upande wa pili na kurudi jioni hana fomu rahisi kama hiyo. Analazimika kusomeka kama kampuni ya utalii au asisomeke kabisa.

Mjadala wa mwaka 2025, baada ya Tanzania kuziweka kazi kadhaa ndogo, ikiwamo kuongoza watalii, mikononi mwa raia wake pekee, uliwaka pande zote za mpaka. Kenya ililalamika kwamba roho ya Jumuiya imejeruhiwa. Tanzania ilisema inalinda ajira za wananchi wake. Vietnam inaweza kuupoza mjadala huo kidogo. Sheria yake ya utalii nayo inataka muongoza watalii awe raia. Lakini sheria hiyo peke yake haikumtajirisha mkulima wa Tra Que. Kilichomsaidia ni kuwa na tuta lake, ujuzi wake na bidhaa ambayo muongozaji yeyote, wa taifa lolote, lazima aje kuinunua kwake. Nchi inaweza kumfungia jirani mlango na bado mwanakijiji wake akabaki anasubiri bahashishi.

Kwa hiyo kazi kubwa haipaswi kuachiwa serikali peke yake. Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani, ambavyo tayari vinakutana kujadili ushuru na usumbufu wa askari, vinaweza kukaa kikao kimoja kujadili jambo hili. Nani yuko tayari kupokea wageni watano kwa siku sokoni kwake bila kuharibu biashara ya siku hiyo? Bei itakuwa ipi, ili mmoja asiishushe kwa hasira ya mwenzake? Fedha zitapokelewa na nani, na zitagawanywaje jioni? Kikao kikikosa majibu ya maswali hayo matatu, wakala wa mjini atayajibu kwa niaba yao, naye atajipendelea.

Kwa upande wao, mamlaka za Jumuiya zinaweza kufanya dogo lenye maana, nalo ni kuupanua utaratibu rahisi wa mpakani ili umtambue pia mwenye huduma ndogo ya siku moja. Kenya, Uganda na Rwanda zina viza ya pamoja ya utalii tangu 2014, kwa dola 100 na siku 90. Mgeni amekwisha kurahisishiwa kuvuka. Anayemsubiri ng'ambo na kikapu chake ndiye bado hajarahisishiwa.

Tahadhari ya mwisho inatoka Tra Que hiyo hiyo. Wengi wanaoshika jembe pale wana umri mkubwa, na vijana wao wanavutwa na kazi za mjini, nyingine zikiwa za utalii huo huo. Ikifika siku ambapo matuta yanatunzwa kwa ajili ya wageni tu, kijiji kitakuwa kimebaki na kofia bila mkulima chini yake. Soko la mpakani nalo linaweza kufika huko likipumbazwa na kamera. Vitunguu viuzwe kwanza, na mgeni akija avikute vinauzwa.

Mkulima wa Tra Que halali njaa mgeni asipokuja, na ndiyo sababu mgeni anapokuja hulipa bei nzuri. Anayetaka kuiga apime biashara yake kwa kipimo hicho kabla ya kununua kofia za kuwavisha wageni.